Mwalimu Asiyeonja: Mapishi ya Televisheni na Jiko la Uru

Televisheni ilianza kuonekana Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara iliisubiri hadi mwaka 1994. Baina ya tarehe hizo mbili imo miaka 21, na katika miaka hiyo yote mwanamke wa Uru, katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, hakuwa na mpishi wa kumtazama ila mama yake, shangazi yake na jirani yake. Visiwani watu walikwisha kulizoea sanduku linalosema na kuonyesha. Bara serikali ililihesabu kuwa ni anasa, ikaona redio yatosha kwa nchi yenye mahitaji mengi na fedha chache. Tofauti hii yafaa kukumbukwa, kwani historia ya mapishi ya televisheni aghalabu huwa ni sifa za watangazaji wake, na mwanafunzi aliyeko upande wa pili wa kioo husahauliwa.

Mwanafunzi wa Uru hakuwa mjinga wa jiko. Uru imekaa baina ya Kibosho na Old Moshi, nchi ya vihamba, ambamo migomba, mibuni na maharage huota pamoja na kunyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Ndizi huko si tunda la baada ya mlo; ndizo mlo wenyewe, na kila aina ina kazi yake. Mchare hupikwa na nyama zikawa machalari, au huchemshwa na kupondwa katika supu ukapatikana mtori, chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua. Ndizi zikichanganywa na maharage huwa kiburu, na magadi kidogo huyalainisha maharage yakaiva upesi. Ndizi mbivu na ulezi huwa mbege. Hayo yote hayakuandikwa. Binti aliufunza mkono wake kwa kumenya ndizi zenye utomvu unaoganda vidoleni, kwa kuzitia majini zisigeuke nyeusi, kwa kugeuza mwiko na kuhisi uzito wa mtori unapokaribia kuwa tayari. Kipimo chake kilikuwa kiganja, na mtihani wake ulikuwa ulimi wa aliyemfundisha.

Mlima huo ulijua pia kufundisha kwa utaratibu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyeishi Old Moshi, alichapisha baina ya 1932 na 1938 juzuu tatu za mafunzo waliyopewa vijana wa Kichagga. Miongoni mwa zana za mafunzo hayo ulikuwamo mregho, fimbo iliyochongwa alama, kila alama ikiwa na somo lake. Mwalimu na mwanafunzi waliketi pamoja, na somo halikupita mpaka limeeleweka.

Shule za misheni zilileta mwalimu wa namna nyingine. Katika somo lililokuja kuitwa sayansi kimu, na katika vilabu vya wanawake vya miaka ya 1950, wasichana na kina mama walifundishwa kushona, kuoka na kupima unga kwa kikombe. Kisha ikaja zamu ya redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu, na kipindi kikisha watu walijadiliana wakaamua la kutenda. Redio haikuwa na macho, lakini waliosikiliza walikuwa na midomo: mama aliweza kumwambia kiongozi wake kwamba chakula kinachosifiwa hakipandwi kwao.

Televisheni ilikuja na tabia nyingine. Uingereza, Philip Harben alipika mbele ya kamera za BBC tangu mwaka 1946, wakati chakula kilipokuwa bado kwa mgao. Marekani, Julia Child alianza kipindi chake mjini Boston mwaka 1963, akapendwa kwa sababu hakuficha kosa: chakula kilipomwagika pembeni ya kikaango alikirudisha, akaendelea. India, Sanjeev Kapoor na kipindi cha Khana Khazana, kilichoanza mwaka 1993, waliifanya lugha ya Kihindi kuwa lugha ya darasa la jiko. Wote hao walimtazama mtu machoni kana kwamba wanamjua, wala hakuwa na njia ya kuwajibu.

Bara, mlango ulifunguliwa na vituo vya binafsi, kimojawapo ITV ya Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, upande wa magharibi wa mlima huohuo. Lakini kioo hutaka umeme, na umeme ulipanda mlimani polepole kuliko habari zake. Wengi walitazama kwanza kwa jirani, dukani au kilabuni.

Aliyetazama alijifunza nini? Mtangazaji wa mapishi ana udhaifu asioweza kuuficha: huonja kwa niaba ya watu wasioonja. Husema chumvi imekolea, na mtazamaji hana budi kumsadiki. Harufu ya kitunguu kinachoungua haivuki kioo. Viungo viko tayari katika vibakuli, vimekatwa na mkono usioonekana, na nyama inayohitaji saa 2 huiva kabla ya tangazo la biashara kwisha. Aliyeyachukua mapishi hayo kama yalivyo alishindwa. Aliyefaulu ni yule aliyeyafasiri. Minazi haioti vihambani, lakini maziwa ya ng'ombe wa zizini yapo, basi palipotakiwa tui yakatiwa maziwa. Huko ndiko kufasiri, na kila afasiriye hupoteza jambo akavuna jingine. Pilau ya pwani haikuingoja televisheni ili ifike Uru; ilikwisha kupanda kwa biashara, ndoa na sikukuu. Kilicholetwa na televisheni ni mpangilio: kukata kabla ya kuinjika, kupima, na kueleza kwa maneno lile ambalo mkono hulitenda kimya.

Faida hiyo ina gharama, na gharama yake imo katika maneno. Mtangazaji asemapo "ndizi mbichi" tu, majina yanayotenganisha mchare na kitarasa yanakosa kazi, na jina lisilo na kazi halirithiwi. Binti hukua akijua viungo vya biriani kwa majina yake yote, na migomba ya bibi yake akaiita migomba.

Kuna na jambo la moto. Katika kipindi, mwenye kuambiwa apunguze moto hugeuza kidude cha jiko la gesi. Mwenye mafiga huvuta ukuni. Kuni hizo zilitoka msituni, na mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikauchukua msitu wa mlima, hata kuokota kuni kukazidi kuwa suala la sheria. Kiburu hutaka moto wa pole na wa muda mrefu. Somo linalouchukulia moto kuwa ni kitu cha bure humwacha nje mwanafunzi aliyelihitaji zaidi, naye hukaa akitazama kama atazamaye harusi ya watu.

Lakini kioo nacho kimebadilika. YouTube ilianzishwa mwaka 2005, simu zenye kamera zikaenea, na mpishi hana haja tena ya kualikwa studio. Mtori sasa hufundishwa kwa Kiswahili kwa mtu aliyeko Muscat au London, na mtazamaji huweza kuuliza na kubisha, kama walivyofanya wanakikundi wa mwaka 1975. Njia iliyokuwa ya kupanda tu, kutoka pwani kwenda mlimani, sasa hushuka pia. Yaliyobaki ni madogo, nayo ni mazito: atakayeishika kamera hiyo huko Uru autaje mchare kwa jina lake, aonyeshe kuni zilikotoka, na kabla hajasema mtori umeiva, amwachie bibi yake auonje.