Spencer, Christopher Miner

Christopher Miner Spencer (20 Juni 1833 – 14 Januari 1922) alikuwa fundi na mvumbuzi wa Marekani, mzaliwa wa Manchester, jimbo la Connecticut. Bunduki yake ya marisau ya mwaka 1882 ndiyo ya kwanza ya kuvuta na kusukuma kupata soko la kweli.

Alijifunza kazi ya mashine katika viwanda vya hariri vya akina Cheney, na kwa muda aliajiriwa na Colt mjini Hartford. Mwaka 1860 alipata hataza ya raifo iliyobeba risasi saba ndani ya kitako. Wakuu wa silaha jeshini walisita kuikubali, hivyo Agosti 1863 akaipeleka Ikulu mwenyewe, na Rais Abraham Lincoln akaijaribu kwa kulenga ubao. Zilitengenezwa takriban 200,000. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha wanunuzi walitoweka, kampuni yake ikafilisika, na mali yake ikaangukia kwa Winchester.

Mwaka 1873 alipata hataza ya mashine ya kukereza skrubu inayojiendesha. Kiini chake kilikuwa pipa linalozunguka, lililofungwa vipande vya chuma vilivyosukuma kila kisu kwa zamu yake. Hataza ile haikulikinga pipa, na washindani wakaliiga bila kumlipa.

Bunduki ya marisau aliibuni pamoja na Sylvester Roper. Mwindaji alivuta nyuma kishikio kilicho chini ya mtutu, ganda tupu likarukia juu. Akakisukuma mbele, risasi mpya ikaingia kutoka kwenye bomba. Mkono wa kulia haukuhitaji kuondoka penye kifyatulio, jambo lenye thamani kubwa kwa anayewinda ndege warukao. Spencer Arms Company iliitengeneza Windsor, Connecticut, kwa ustadi wa hali ya juu, lakini kampuni ilielemewa na gharama, na mwaka 1890 kazi ikauzwa kwa Francis Bannerman wa New York.

Winchester ilipotoa bunduki yake ya namna hiyo mwaka 1893, Bannerman aliishtaki. Alishindwa: mawakili wa Winchester waliibua hataza za zamani za Uingereza na Ufaransa zilizokwisha kueleza wazo hilo. Spencer mwenyewe alikuwa amerudi kwenye mashine za skrubu.