Kano ya Goti: Historia ya Kutambua na Kungoja

Tarehe 1 Januari 2020, katika uwanja wa Burnley, mshambuliaji Mbrazili wa Aston Villa, Wesley, aliumia goti. Katika mechi hiyo hiyo kipa wao, Tom Heaton, naye akaumia goti, na msimu ukawaishia pale pale wote wawili. Villa ikatafuta mshambuliaji kwa haraka, na tarehe 20 ya mwezi huo ikamsajili Mbwana Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji. Ndivyo Mtanzania wa kwanza alivyoingia Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi alifunga kwa kichwa hapa London, Wembley, katika fainali ambayo Manchester City walishinda 2-1. Sisi Waswahili tunaikumbuka hadithi hii kwa bao lile. Wesley alirudi kucheza ligi Aprili 2021, miezi 15 baada ya kuumia. Makala haya yanahusu miezi kama hiyo, na jinsi binadamu alivyojifunza kulielewa jeraha linaloileta.

Tuanze na neno. Mtaani tunasema fulani “amekatika mshipa wa goti”. Lakini mshipa kwetu una kazi nyingi: kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu. Kinachokatika hapa ni kano, utepe mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa. Goti lina kano kubwa 4: mbili za pembeni na mbili za ndani zinazopishana. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, ndiye aliyezipa za ndani jina la umbo lao la msalaba, na madaktari wanalitumia hadi leo. Kano ya mbele kati ya hizo mbili huuzuia muundi usichomoke mbele ya fupa la paja, na hulishika goti tunapogeuka. Mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa: mguu umekita chini, mwili unageuka ghafla, au mchezaji anatua vibaya baada ya kuruka.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya jeraha hili yameandikwa zamani. Mwaka 1845 Amédée Bonnet, daktari wa upasuaji wa Lyon, Ufaransa, alitaja mambo matatu: mlio unaosikika goti linapoumia, uvimbe wa damu ndani ya goti, na mguu kushindwa kufanya kazi. Daktari wa leo bado anauliza hayo hayo: ulisikia mlio? Goti lilivimba ndani ya saa chache? Linakuachia unapogeuka?

Mwaka 1875, katika tasnifu yake ya Paris, Mgiriki Georgios Noulis alieleza namna ya kuipima kano kwa mikono. Goti likunjwe kidogo tu, mkono mmoja ushike paja, wa pili uvute muundi mbele. Ukisogea kupita kiasi, kano haishiki tena. Kipimo hicho kilisahauliwa. Kilipata umaarufu baada ya miaka 101, Joseph Torg na wenzake wa Philadelphia walipokichapisha mwaka 1976 kwa jina la mwalimu wao, John Lachman. Siku hizi kuna picha za MRI, lakini mikono yenye ujuzi bado ndiyo inayotangulia.

Kisu nacho kina historia yake, na sehemu kubwa ni ya nchi hii. Mwaka 1895 huko Leeds, Arthur Mayo Robson alizishona kano za ndani za goti la mchimba madini mwenye umri wa miaka 41. Hapa London, William Battle wa Hospitali ya St Thomas’, ile inayotazamana na Bunge ng’ambo ya mto Thames, alichapisha mwaka 1900 taarifa ya kano aliyoishona miaka miwili kabla. Baadaye ilionekana kwamba kano ya mbele iliyokatika haiungi vizuri kwa kushonwa. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol akatengeneza kano mpya: alichukua utepe wa upande wa paja la mgonjwa mwenyewe na kuupitisha katika matundu aliyoyatoboa kwenye mifupa. Wazo hilo ndilo msingi wa upasuaji wa leo. Mwaka 1980, huko Newmarket, David Dandy aliifanya kazi hiyo kwa msaada wa kamera nyembamba, bila kulipasua goti wazi.

Hata hivyo, kisu si jibu la kila goti. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya vijana 121 waliokatika kano. Wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi ya viungo. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo hazikutofautiana, na zaidi ya nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa bado hawajahitaji upasuaji. Mwaka 2022 utafiti wa hapa Uingereza, wa wagonjwa 316 ambao magoti yao yalikuwa yakiendelea kuwaachia muda mrefu baada ya kuumia, ulionyesha kuwa kwao upasuaji ulisaidia zaidi. Kila goti na mwenyewe.

Kinachokubalika na wote ni subira. Zamani mguu ulifungwa plasta kwa wiki nyingi na misuli ikanywea. Leo mazoezi huanza mapema. Lakini kurudi uwanjani ni jambo jingine. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanywa Norway na Marekani ulionyesha kuwa, baada ya upasuaji, kila mwezi mtu aliosubiri hadi kufika wa 9 ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Katika historia hii wagonjwa wanaotajwa zaidi ni wanaume: mchimba madini, askari, mcheza soka. Wakati huohuo, katika michezo ile ile wanawake hukatika kano hii mara nyingi zaidi. London iliona hilo kati ya Novemba 2022 na Mei 2023, wachezaji wanne wa Arsenal ya wanawake walipokatika mmoja baada ya mwingine: Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither. Mead, Miedema na Williamson wakakosa Kombe la Dunia.

Wanachama wenzangu mnaocheza mpira Jumapili, goti likilia na kuvimba, acha kucheza siku hiyo. Usikimbilie maji ya moto wala kuchua. Weka barafu iliyofungwa kitambaa, pumzisha mguu na uuinue. Ukishindwa kukanyaga, au goti likikwama, nenda idara ya dharura; ukiwa na shaka, piga 111. Na ukifika mbele ya daktari, mweleze mambo matatu ya Bonnet kwa mpangilio. Uvimbe utapungua baada ya siku kadhaa na utajiona umepona. Hapo ndipo wengi hurudi uwanjani, na goti likawaachia mara ya pili.