Chanjo na adui anayejivua gamba

Tangu miaka ya Korona, wasikilizaji wananiuliza swali moja: "Nilichanjwa na bado niliugua. Sasa chanjo ilikuwa ya nini?" Ni swali la haki, na lina umri mkubwa kuliko wengi wetu.

Mwaka 1918 mafua makali yaliua mamilioni ya watu duniani. Huku kwetu yaliingia Mombasa kwa meli, yakasambaa hadi bara. Kirusi chake kilipatikana London mwaka 1933. Miaka ya 1940 Wamarekani Thomas Francis na Jonas Salk wakatengeneza chanjo kwa ajili ya wanajeshi, nayo ikafanya kazi vizuri.

Ilipofika mwaka 1947 chanjo hiyo hiyo ikashindwa. Waliochanjwa waliugua kama wenzao wasiochanjwa. Chanjo haikuwa imeharibika. Kirusi ndicho kilichokuwa kimejivua gamba kama nyoka, na miili iliyofundishwa sura ya zamani haikuitambua sura mpya.

Si kila kirusi kina tabia hiyo. Chanjo ya surua inayotumika hadi leo ina asili yake katika kirusi kilichochukuliwa kwa mtoto Mmarekani mwaka 1954, na bado inakinga. Mafua hayana subira hiyo.

Je, wataalamu walikata tamaa? La. Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mtandao wa maabara za kulinda zamu. Mwaka 1957 Maurice Hilleman alisoma gazetini habari za mafua ya Hong Kong, akaagiza sampuli, akagundua sura mpya kabisa. Chanjo ikatengenezwa Marekani katika muda wa miezi tu. Siku hizi wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka kuamua chanjo ya msimu ujao iwe na sura zipi. Maabara za Nairobi na Entebbe zimo katika zamu hiyo.

Korona ilirudia somo lile lile. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitangazia dunia sura mpya iliyopewa jina la Omicron. Waliochanjwa wengi waliambukizwa, lakini waliougua mahututi na kufa walikuwa wachache kuliko wasiochanjwa. Mwaka 2022 chanjo zikaanza kurekebishwa.

Jibu langu basi, ndugu msomaji, ni hili. Ukiugua siku tatu nyumbani ukapona, usiseme chanjo imekudanganya. Huenda ndiyo iliyokuepusha na mtungi wa oksijeni. Na mzee, mjamzito au mwenye kisukari akiitwa kuchanjwa tena, asidhani anachezewa. Adui kabadili gamba, nasi hatuna budi kubadili silaha.