Waliolitangulia Lori: Mataniboi wa Milima ya Kisii na Nyamira

Aghalabu wanaoandika tarehe ya kilimo katika Kisii na Nyamira huwataja machifu waliowatoa watu kulima barabara, na maafisa walioleta miche, na wakulima walioipanda. Bali taniboi, aliyeshuka garini penye mteremko akayakanyaga matope kwa miguu yake kabla dereva hajayaingiza magurudumu, hatajwi kabisa, nami naona hiyo si insafu.

Nchi yenyewe ndiyo iliyoizaa kazi hiyo. Mji wa Kisii umekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira vimepanda zaidi. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wake mwekundu, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali, ukilowa haushiki mguu wala mpira. Zamani za ukoloni shehena iliteremshwa hadi gati ya Kendu Bay, ikavushwa kwa meli hadi Kisumu penye reli, na hata kahawa, ambayo Waafrika wa Kisii waliruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930, iliweza kungoja njia ikauke.

Chai haingoji. Ilipoenea kwa wakulima wadogo baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 wa kustawisha kilimo cha Waafrika, na zaidi baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai mwaka 1964, jani lililochumwa asubuhi lilikuwa sharti lifike kiwandani siku ile ile, maana likikawia guniani hupata moto na kuharibika. Na mvua ile ile iliyochipuza majani kwa wingi ndiyo iliyoziharibu njia za kuyachukulia.

Hapo ndipo maarifa ya taniboi yalipohitajiwa. Alitangulia na fimbo, akiichoma katika dimbwi apime kina. Kisha akasimama mahali ambapo dereva angemwona waziwazi, wala si upande wa bonde, kwa kuwa lori likiteleza huelekea huko. “Lete, lete! Kata kulia! Nyoosha!” Viganja vyake vikikaribiana, dereva alifahamu nafasi iliyosalia; na usiku, au alipokuwa nyuma asikoonekana, taniboi aligonga bodi. Gari likishindwa kupanda, alilisukumiza gogo nyuma ya gurudumu katika nukta ile ile injini inapozidiwa, kabla uzito wa majani haujaanza kulirudisha lori chini, na hapana saa ya hatari kuliko hiyo, kwa maana mkono uliokawia ungesagwa. Dereva, ingawa alikuwa mkubwa wake garini, alitii bila kujadiliana, naye taniboi kwa kuzitazama gia na kuzisikiliza akajifunza udereva.

Kuanzia 1974 mradi wa barabara za vijijini nchini Kenya uliwaajiri wananchi kuzichimba kwa jembe na sepetu, na baadaye lami ikafika sehemu nyingi, haja ya kutanguliwa kwa fimbo ikapungua. Dereva alipewa leseni, jina lake likaandikwa. Taniboi hakupewa hati yoyote, na kwa hivyo ujuzi wake umebaki vifuani mwa watu waliokwisha kuzeeka. Atakaye kujua mteremko upi ulipandwa kwa gia ipi wakati wa masika, na upi ulikwepwa kabisa, na awaendee hima huko Kebirigo, Nyansiongo na Ogembo.