Pumzi za Watu na Mgongo Usiopona

Msimu wa mpunga, tambarare za Kyela hujaa migongo iliyoinama kutwa nzima. Mingine huendelea kuuma miaka mingi, hata jembe likishawekwa chini. Hivi Wanyakyusa wa zamani waliyaelezaje maumivu yasiyo na kidonda?

Jibu moja nimelikuta kwa Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938. Katika Good Company (1951) anaeleza imani ya pumzi za watu: majirani wakichukizwa na mwenzao wakamnong'ona, pumzi zao za baridi humwangukia, akaugua. Uponyaji nao ulianzia mdomoni. Kwenye upatanisho, mwenye kinyongo alikitamka, kisha akapuliza maji kinywani kuonyesha kimetoka.

Rahisi kucheka. Lakini Ulaya nako walikuwa na hadithi yao. Katika kitabu kilichotoka 1664, baada ya kifo chake, Descartes aliyachora maumivu kama kamba: moto unagusa mguu, kengele inalia kichwani. Kwa hesabu hiyo, asiye na jeraha anajisingizia tu. Ndipo mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall wakasema uti wa mgongo una kitu kama lango: ishara za neva hupunguzwa au huongezwa hapo, na ubongo wenyewe una mkono wake.

Leo maumivu yanayozidi miezi 3 huitwa sugu. Neva zinaweza kubaki kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvamiwa: hata jani likianguka, anabweka. Hofu, upweke na kukosa usingizi humchochea. Kueleweshwa na kurudia kazi kidogo kidogo huwatuliza wengi, ingawa si wote.

Sisemi wazee walizijua neva. Walichokiona ni kwamba maumivu ya mtu hayatengani na anavyoishi na wenzake. Ila maelezo yao yalikuwa na gharama: yalidai mkosaji. Aliyetuhumiwa uchawi aliweza kunyweshwa mwafi, au kufukuzwa kijijini.

Ndiyo maana naona maelezo haya ya neva ni jambo kubwa. Mgonjwa akiambiwa "vipimo havionyeshi kitu" halafu basi, anarudi nyumbani na swali lilelile: nani kanifanyia? Akieleweshwa, anapata jibu lisilomtaka jirani yeyote ahame.