Bwana Rweyemamu na Swali la Viwanda

Sisi wa Katoto na Kamina twaijua reli. Mwaka 1928 njia ilifika Ilebo, wakati ule Port-Francqui, na shaba ya Katanga ikapita mbele ya wazee wetu kwenda ng'ambo. Waya na masufuria yakaja kutoka huko kwa bei ya huko. Kwa nini nchi yenye mali hubaki maskini? Mwana mmoja wa Afrika alitumia maisha yake kulitafutia swali hili jibu.

Naye ni Justinian Rweyemamu, Mkatoliki, aliyezaliwa mwaka 1942 upande wa Bukoba, Tanganyika, katika nchi ya migomba na kahawa. Alisoma Marekani, kwanza Fordham, chuo kikuu cha Wajesuiti mjini New York, kisha Harvard, akapata udaktari wa elimu ya uchumi. Hakubaki kule. Alirudi kwao, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1973 alitoa kitabu juu ya viwanda vya Tanzania. Watu wengi walidhani kwamba viwanda vikiongezeka, basi, maendeleo yamefika. Yeye alionyesha kwamba sivyo. Yafaa kutazama kwanza kiwanda chatengeneza nini, mitambo yake yatoka wapi, na faida yaenda kwa nani. Kiwanda kinachoagiza karibu kila kitu ng'ambo, kisha kikatengeneza vitu vya wenye fedha, hakimfai mkulima asiye na jembe. Bali kiwanda chema hununua mazao ya shamba la jirani, na kazi yake huwapa wengine kazi.

Rais Nyerere alimwita awe msaidizi wake katika mambo ya uchumi. Baadaye alitumika katika tume ya Willy Brandt, iliyotoa taarifa yake mwaka 1980 juu ya nchi tajiri na nchi maskini, kisha katika Umoja wa Mataifa. Alifariki mwaka 1982, hata miaka 40 hajatimiza.

Mwaka 1967 Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio, alifundisha kwamba maendeleo si kuongeza mali tu; lazima yamfae mtu mzima, mwili na roho, na watu wote pia. Bwana Rweyemamu alilichukua jambo hilo hilo katika hesabu.

Enyi wazazi, mnauza mihogo na mahindi ili mtoto asome. Mwombeeni afaulu. Lakini mfundisheni mapema kujiuliza: elimu yangu itamfaa nani?