Ng'ombe Alikula Nini?

Ulaya ilichelewa kuliuliza swali hili. Kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa Uingereza mwaka 1986, ikabainika kuwa ng'ombe walikuwa wakilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao. Mwaka 1988 serikali iliupiga marufuku unga huo kwa ng'ombe na kondoo; mwaka 1996 ikakiri kwamba huenda ugonjwa umewafikia walaji. Sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 ikaweka chakula cha mifugo na cha binadamu chini ya paa moja.

Fiqhi ya Kiislamu ililiuliza mapema mno. Hadithi iliyopokewa na sahaba Ibn Umar inakataza nyama na maziwa ya jallala, mnyama anayekula najisi. Wapo mafakihi walioharamisha. Kwa Imam Nawawi wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kauli yenye nguvu ni karaha: si haramu, ila kumwepuka ni bora. Dawa ni kumfungia mnyama na kumlisha visafi. Ibn Umar, inasimuliwa, alimfungia kuku siku 3. Ila Mashafii hawahesabu siku: nyama ikirudia harufu na ladha yake, ruhusa.

Ni kanuni ya kumsifu mtungaji wake, maana mfugaji yeyote anaiweza. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, ndiyo inayoishinda. Mahindi yenye ukungu, yaliyokataliwa kwa ugali, huishia kwenye mashine ya chakula cha mifugo, yakasagwa na kuchanganywa na pumba na mashudu. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Maziwa hayanuki, rangi ni ileile, na kuyachemsha hakusaidii. Hapo pua ya fakihi na pua ya mama lishe ni sawa. Hata maabara zina ikhtilafu zao: Marekani inaruhusu sumu hiyo kwenye maziwa hadi mara 10 ya kiwango cha Ulaya.

Ajabu ni kwamba ukimbadilishia ng'ombe huyo chakula, maziwa husafika baada ya siku chache; kumbe hapa kumfungia kunafaa. Kwa kichaa cha ng'ombe hakufai hata kidogo, na ndiyo maana Ulaya ilifunga mlango kiwandani.

Kwetu pia mlango ni huohuo. Mfugaji aliyenunua gunia kwa nia njema asibebeshwe lawama. Gunia lipimwe kwa mwenye mashine, kabla halijashonwa.